Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Malazi Lodwar na Kakuma

Mtu akitaka kuchagua hoteli ya kifahari nchini Kenya huonyeshwa ramani ileile. Nairobi ni ya mikutano, Mombasa na Diani ni za bahari, Mara ni ya wanyama, Naivasha ni ya wikendi, na Nanyuki ni ya wanaopenda baridi ya Mlima Kenya. Ukishika barabara ya Kitale kwenda kaskazini, ramani hiyo inakatika kabla hujafika Kainuk. Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, haimo. Kakuma, iliyo kilomita 120 hivi mbele yake, hutajwa katika habari za wakimbizi tu. Wengi huona jambo hili halihitaji maelezo: kule ni joto, ni mbali, na njiani kuna wezi wa mifugo. Mimi naona linahitaji maelezo, na yamo katika historia. Turkana haijawahi kukosa wageni. Imepokea askari, wafungwa, mapadri, wavuvi wa Kizungu, marubani wa misaada, wachimba mafuta na maofisa wa serikali, na karibu kila kundi lilitengenezewa mahali pa kulala. Swali lisiloulizwa ni lile lililomo katika methali tunayoitaja kila siku: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, alipona? Nikiyapitia malazi ya Lodwar, Kakuma na vituo vya jirani kwa karibu miaka mia moja, naona jambo moja likijirudia. Nyumba iliyojengwa kwa kumtegemea mpita njia peke yake ilikufa siku alipofunga mizigo yake; ile iliyoshikwa na mwenyeji ilibaki. Anayechagua hoteli, hasa katika maeneo yaliyoachwa nje ya ramani, angeanza na kipimo hicho kabla ya kuhesabu nyota.

Jina la Kakuma lenyewe ni ushahidi wa jinsi mahali panavyoweza kuelezwa na wasiopajua. Kwa miaka mingi waandishi wa ng'ambo wamewaambia wasomaji wao kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufungua kamusi: neno hilo halimo katika lugha yake. Hata hivyo dai hilo limenukuliwa na kunukuliwa tena, kwa sababu linakubaliana na picha ambayo mwandishi alikuja nayo, ya jangwa tupu lililoanza kuishi siku kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992. Kakuma ilikuwepo kabla ya hapo. Ilikuwa kituo kidogo kando ya Tarach, mto unaobaki mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na wafugaji walikijua kwa visima na malisho yake. Mahali panapoitwa "pasipo popote" huwa pamekwisha kunyang'anywa mwenyeji. Na pasipo na mwenyeji, anayekuja hana wa kumpigia hodi. Hujenga tu, akaweka uzio, akaleta maji yake.

Wenyeji walikuwepo, na utaratibu wao wa kupokea wageni ulikuwa na kanuni zake. Kando ya mto Turkwel, kipande cha msitu chenye miti ya kulisha mbuzi na ngamia huitwa ekwar, na kina familia inayokimiliki. Mgeni akitaka kupumzisha mifugo chini ya miti hiyo, huomba. Kivuli kina mwenyewe. Kila kituo kina mti ambao wazee hukaa mchana kutwa wakizungumza, wakiamua mashauri, wakilala, na mgeni wa kiume anayefika huelekea hapo kwanza ili ajulikane ni nani na anatoka wapi. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu mifugo ya familia za Waturkana na Wajie, alieleza jinsi mtu alivyofungamana na marafiki waliotapakaa nchi nzima kwa kupeana mifugo: huyu alimpa ng'ombe leo, yule akampa mbuzi baada ya miaka. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 250, urafiki huo ulikuwa bima ya msafiri, maana popote alipofika palikuwa na boma la kumpokea. Kitanda alikuja nacho mwenyewe. Ekicholong, kigoda kinachochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kubebwa kwa kitanzi cha ngozi, mchana ni kiti cha mwanamume na usiku ni mto wa kichwa. Ukikitazama kwa karibu utaona sehemu ya juu imepinda kidogo na imeng'aa kwa mafuta ya ngozi na miaka ya matumizi, na mguu wake ni mwembamba kiasi kwamba asiyezoea hawezi kukikalia bila kuyumba. Mwenye kigoda hicho alihitaji vitu vitatu tu kutoka kwa mwenyeji: maji, kivuli na usalama. Katika nchi yenye joto la nyuzi 35, hizo ndizo anasa za kweli mpaka leo.

Hoteli kwa maana ya biashara ya vitanda iliingia Kenya ikifuata reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1904 Hoteli ya Norfolk ikafungua milango. Treetops ilifuata karibu na Nyeri mwaka 1932, na Mount Kenya Safari Club huko Nanyuki mwaka 1959. Zote ziliota palipokuwa na mashamba ya walowezi, stesheni, barabara na sheria iliyomkaribisha Mzungu. Turkana ilikuwa upande wa pili wa sheria. Kwenye karatasi, sehemu kubwa ya nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1926. Mwaka 1918 msafara wa kijeshi ulioitwa Labur Patrol uliwapiga na kuwanyang'anya mifugo mingi. Kisha wilaya ikafungwa. Kwa sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902, na baadaye ile ya wilaya maalumu ya 1934, mtu wa nje hakuingia bila kibali, na wamisionari walizuiwa kwa miongo kadhaa. Lodwar ilikua ikiwa kituo cha utawala na maduka machache kando ya Turkwel. Palipofungwa kwa kibali hapana sababu ya kujenga hoteli, na umaskini wa malazi wa Turkana unaanzia hapo. Jua lilikuwepo tangu zamani. Kibali kiliandikwa ofisini.

Mgeni mashuhuri kuliko wote waliowahi kulala Lodwar hakuchagua chumba chake. Baada ya kesi ya Kapenguria iliyomalizika Aprili 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, naye alifungwa huko. Kifungo cha Kenyatta kilipomalizika mwaka 1959 hakurudishwa nyumbani. Alihamishiwa Lodwar akae chini ya amri ya kutotoka, hadi Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Serikali ya kikoloni ilichagua Turkana kwa hesabu ileile iliyofunga wilaya: umbali, joto, na uhakika kwamba hakuna atakayekuja. Kwa Wakenya wengi wa kusini jina la Lodwar liliingia masikioni mara ya kwanza likiwa jina la adhabu. Watumishi wa serikali waliohamishiwa huko miaka ya baadaye walilipokea hivyo hivyo. Na Waturkana nao walikuwa na jibu lao katika usemi unaosikika mpaka leo: anayeshuka Kitale au Nairobi husema anakwenda Kenya.

Uhuru ulikuja, lakini haukugeuza mwelekeo wa fedha. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa taifa changa, ulishauri mtaji upelekwe penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, kwa matumaini kwamba faida ingesambaa baadaye. Miaka hiyohiyo serikali iliunda shirika la kuendeleza utalii, na hoteli zikafuata njia hiyo: pwani, mbugani, Nairobi. Mwaka 1969 peke yake mji mkuu ulipata Hilton na Inter-Continental. Kaskazini hapakuwa na mvua, lami wala umeme, kwa hiyo hapakustahili mtaji. Na kwa kuwa hapakupata mtaji, hapakupata lami wala umeme. Mfano ulio wazi zaidi ni mto Turkwel. Bwawa lake lilianza kuzalisha umeme mwaka 1991, likiwa na uwezo wa megawati 106. Nyaya zilielekezwa kusini, hadi Lessos, zikaungana na gridi ya taifa. Lodwar, iliyo chini ya mto huohuo, iliendelea kwa miongo kuwashwa na jenereta za dizeli. Maji yaliyokuwa yakielekea Lodwar yalipooza vyumba vya hoteli za Nairobi kabla hayajafika Lodwar, na mwenye gesti ya Lodwar akanunua dizeli iliyobebwa kwa lori kutoka kusini ili feni izunguke.

Katika pengo hilo waliingia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wamisionari. Njaa ya mwaka 1960 na 1961 iliilazimisha serikali kulegeza katazo, na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick, Waayalandi wa Kiltegan, wakafika Lodwar mwaka 1961. Jimbo katoliki la Lodwar likaundwa mwaka 1978. Kwa msafiri wa miongo hiyo, misheni ilikuwa ndiyo kitanda cha uhakika: chumba safi, neti, tangi la maji, na mlo wa pamoja mezani. Wa pili ni wafanyabiashara wadogo wa mjini. Hapa Kiswahili chetu kina ushahidi wake. Nchini Kenya "hoteli" kwa watu wengi ni mahali pa kula: chai ya maziwa, mandazi, maharagwe, chapati, nyama. Pa kulala ni lojing au gesti. Lodwar ilijenga vyote viwili kwa kipimo chake: ua wa mchanga uliofagiwa, vyumba vilivyopangwa kuuzunguka, vitanda vinavyotolewa nje usiku joto likizidi. Kati ya nyumba hizo, gesti ya Nawoitorong, iliyojengwa kwa vifaa vya hapohapo na kuendeshwa na kikundi cha wanawake wa Turkana, ilijulikana kwa wasafiri kwa miaka mingi. Hakuna mkaguzi wa nyota aliyeiweka kwenye ramani. Ilijulikana kwa kuwa waliokuwa wakiiendesha walikuwa na sababu ya kuifungua tena kesho yake.

Linganisha na nyumba za ziwani. Ziwa Rudolf, kama lilivyoitwa na wavumbuzi wa Ulaya tangu 1888 hadi lilipopewa jina la Turkana mwaka 1975, lilikuwa na mbuta wakubwa, na habari zake ziliwafikia wavuvi wa burudani. Nyumba za kuwapokea zikajengwa katika Ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol, na penye chemchemi za Eliye chini ya mikoma. Wageni walikuja kwa ndege ndogo, wakavua, wakapiga picha, wakaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maji ya ziwa yalishuka na sehemu kubwa ya ghuba ikakauka. Nyumba zilizotegemea mashua na wageni wa ndege zikaishiwa na vyote viwili, na kwa miaka mingi msafiri aliyefika Eliye alikuta kuta na chemchemi tu. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norwei kilipatwa na jambo la namna hiyo: kilihitaji umeme na maji safi mengi kuliko mahali palivyoweza kutoa, kikanyamaza karibu mara kilipoanza. Katika miaka ya karibuni ziwa limefanya kinyume, likapanda na kumeza fukwe na makazi. Wavuvi wa Turkana huhamisha vibanda vyao maji yakisogea, kwa kuwa wanajua ziwa hupumua. Waliojenga kwa ajili ya mgeni wa wiki moja walijenga kana kwamba ufuo ni ukuta.

Lokichoggio inatoa somo hilo kwa ukubwa zaidi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilifungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987 kwa majeruhi wa vita vya Sudan, na mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha operesheni ya kupeleka chakula kusini mwa Sudan. Ghafla kituo cha mpakani kilichokuwa na maduka machache kikawa na uwanja wa ndege wenye pilikapilika mchana kutwa. Marubani na wafanyakazi wa misaada walihitaji kulala, na kambi zikajengwa: vyumba vya kupendeza vilivyoezekwa makuti, baa, mabwawa ya kuogelea, ndani ya uzio. Nje ya uzio wanawake wa Turkana walichimba mchanga wa mto kutafuta maji. Januari 2005 mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa sahihi, mashirika yakahamia Juba moja baada ya jingine, na mwaka 2006 Lopiding ikakabidhiwa. Loki, kama watu wanavyoiita, ikabaki na njia ndefu ya ndege na majengo matupu. Amani ilikuwa heri kubwa, na hakuna anayetamani vita virudi ili vyumba vijae. Lakini miaka kumi na sita ya wageni wenye fedha ilipita bila mji kupata bomba la maji, umeme na biashara ya kuusimamisha wenyewe. Hilo halikuwa jambo la lazima. Lilitokana na jinsi malazi yenyewe yalivyopangwa.

Machi 2012 mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, na mzunguko ukaanza upya. Wafanyakazi wengi wa kampuni waliishi katika kambi zao zenye vyumba vya kontena na viyoyozi, huku watu wa Lokichar na Lodwar wakijenga vyumba vya kupangisha kwa kutarajia wimbi la wageni. Malori ya mafuta yalianza safari ya Mombasa mwaka 2018, wananchi wakayazuia kwa wiki kadhaa wakidai usalama na haki yao, na Agosti 2019 mapipa 200,000 yakasafirishwa ng'ambo. Mwaka uliofuata mpango huo wa majaribio wa kusafirisha mafuta ulisimama. Waliojenga kwa ajili ya mgeni mmoja mkubwa walijifunza tena kwamba mgeni mmoja si soko.

Hapo msomaji anaweza kupinga: tatizo la Turkana ni jua, umbali na usalama, wala si nani alijenga kwa ajili ya nani. Pingamizi hili lina uzito, lakini historia hiyohiyo inalijibu. Mara ilikuwa mbali, bila lami wala nyaya, na ndege zilipelekwa huko kwa uamuzi wa serikali na wenye mitaji. Jua kali halikuizuia Dubai. Na ndani ya Turkana yenyewe, Loki ilipata vyumba vizuri na maji ya kuogelea mara tu wenye uwezo walipoyahitaji. Usalama ni hoja ngumu zaidi: barabara ya Kainuk imemwaga damu ya wengi, na kuinyamazia itakuwa kuwadanganya wasafiri. Lakini usalama nao hufuata uamuzi wa serikali, kama lami ilivyofuata. Barabara kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini pale Nadapal ilijengwa upya ilipoonekana kwamba biashara ya nchi mbili inaihitaji. Kwa hiyo jua na umbali ni kweli, ila ni gharama, na gharama hulipwa pale ambapo mtu anayeheshimiwa anahitaji kufika.

Ushahidi wa upande wa pili uko Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa katikati ya muongo uliopita. Bila ruzuku ya utalii wala mkaguzi wa nyota, watu hao walifungua hoteli, kwa maana yetu ya Kiswahili. Ingia hoteli ya Kihabeshi ya Kakuma mchana wa jua kali. Ua una kivuli, injera inaletwa juu ya sinia pana na shiro katikati, na wageni wanakula kutoka upande wao wa sinia moja. Baada ya chakula mwenyeji anakaanga buni mbichi juu ya makaa mbele yako, anapitisha kikaango ili uvute harufu, anatwanga, anachemsha ndani ya chungu cheusi chenye shingo nyembamba, kisha anamimina kutoka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna anayeharakishwa. Wafanyakazi wa mashirika wenye kantini zao za uzio huja hapa kwa hiari, na hiyo ni nyota ambayo haiwezi kununuliwa. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa uchumi wa Kakuma unafikia shilingi bilioni 6 hivi kwa mwaka, na kwamba biashara zilizopo zinapita 2,000. Mbuzi wanaochinjwa na makaa yanayochoma buni hutoka kwa Waturkana wanaoizunguka kambi. Hapo mgeni wa jana amekuwa mwenyeji, na mwenyeji wa asili ana cha kuuza.

Nisiipambe Kakuma kuliko ilivyo. Kibali kilichofunga Turkana miaka ya 1930 kimerudi kwa sura nyingine: mkimbizi anayetaka kutoka kambini kwenda Nairobi huhitaji ruhusa ya safari, na mgeni anayetaka kuingia kambini naye huiomba. Mtu anaweza kuwa mpishi bora wa kaskazini yote na asiweze kuhamishia ujuzi wake Lodwar bila karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliahidi kupanua haki ya kufanya kazi, na utekelezaji wake ndio utakaoamua kama ahadi hiyo ni ya kweli. Tena mwaka 2025 misaada ilipokatwa na mgao wa chakula kupunguzwa, fedha zilizokuwa zikizunguka katika hoteli hizo zilipungua pia. Kuna hatari ya Kakuma kuwa Loki ya pili. Tofauti ni kwamba katika Kakuma biashara zimo mikononi mwa watu wanaoishi hapo, na mji utadumu kwa kadiri watu hao watakavyoruhusiwa kusafiri, kukopa na kumiliki.

Lodwar nayo ilibadilika mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza. Turkana iliwekwa miongoni mwa kaunti zenye mgao mkubwa zaidi wa fedha za taifa, na mji uliosubiri tangu ukoloni ukapata wakandarasi, wawakilishi wa wadi, warsha na ndege za abiria za kila siku. Majina kama Ceamo, Stegra na Cradle yakaanza kutajwa na wanaotafuta chumba chenye kiyoyozi na ukumbi wa mkutano. Tamasha la Tobong'u Lore, ambalo jina lake lina maana ya kukaribishwa tena nyumbani, liliwaleta majirani kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Mtu makini atauliza: je, hoteli zinazoishi kwa marupurupu ya semina si Loki ile ile, ikiwa na kaunti mahali pa Umoja wa Mataifa? Nakubali kwamba kwa sehemu ndivyo. Fedha za kaunti zikichelewa, mwenye hoteli hulala na ankara zisizolipwa. Lakini kaunti haitahamia Juba. Wanaolala humo ni pamoja na walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mifugo na familia za Waturkana wenyewe zinazofanya harusi na mazishi. Kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa ya malazi ya Lodwar, mwenyeji ni mteja pia.

Limebaki pingamizi la dhamiri. Je, ni haki kuzungumzia ufahari katika nchi ambako ukame huua mifugo na watoto hupimwa utapiamlo? Ningekuwa mtu wa kwanza kukataa bwawa la kuogelea linalojazwa kutoka kisima ambacho mama amekifuata kilomita tano. Lakini njaa ya Turkana haijawahi kupunguzwa na ubovu wa hoteli zake. Mgeni anayelala Lodwar siku tatu hula samaki wa Kalokol, hununua kikapu kilichosukwa kwa majani ya mkoma, hukodi gari la kwenda ziwani, huuliza habari za mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka zaidi ya milioni moja na nusu ambayo Kamoya Kimeu aliivumbua Nariokotome mwaka 1984. Fedha hizo haziji na lori la msaada na hazihitaji foleni. Ubaya ni anasa inayojifungia maji. Anasa inayogawana kivuli chake ni jambo ambalo Waturkana walilijua kabla yetu.

Kwa hiyo anayechagua hoteli kati ya miji ya Kenya, na akawa na ujasiri wa kuvuka Kainuk au kupanda ndege ya Lodwar, na awe na maswali yake. Hoteli hii ni ya nani? Maji yake yanatoka wapi, na jirani anakunywa wapi? Mbuzi, samaki na mboga vilinunuliwa kwa nani? Wanaopika na wanaopokea wageni ni watoto wa hapa, na kuna yeyote kati yao aliyepanda cheo? Na mwenye nyumba amejenga kwa vitu vinavyojua joto, yaani kuta nene, paa la juu, ua wenye miti, au ameleta sanduku la vioo kutoka kusini kisha akalipoza kwa dizeli? Maswali haya hayamo katika fomu za nyota tano, lakini Ghuba ya Ferguson, Loki na Lokichar zimekwisha kuyajibu kwa gharama ya watu waliobaki. Mpokea wageni akijibu bila kusita, tua mzigo wako hapo. Ukiondoka, taa za nyumba hiyo zitaendelea kuwaka kwa ajili ya mwalimu wa Lokitaung aliyeshuka kufuatilia mshahara wake, na kwa ajili ya bibi wa Kakuma aliyekuja kumwona daktari.